Jambo la Mpaka, Moja

Ofisi ya mshauri ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi na misumari, na ngazi zake zilikuwa kumi na nane. Bi Hatua alizihesabu alipopanda, kama alivyohesabu kila alichokikanyaga tangu ujana wake. Jina hilo hakulipata bure. Juu kulikuwa na benchi moja, feni isiyozunguka na makabati manne ya chuma. Ukutani palibandikwa karatasi yenye maneno makubwa: KUULIZA SI UJINGA. Chini yake, kwa maneno madogo, ziliandikwa saa za kazi.

Alikuja kwa sababu ya ufa. Shamba lake lilikuwa mteremkoni, na mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimeipasua ardhi upande wa chini wa nyumba. Mvua zilipoanza, ufa ulikuwa hatua arobaini kutoka ukuta wa jiko. Zilipokwisha, zilibaki hatua kumi na tisa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wenye Mpango wa Kuzuia Mmomonyoko walikuwa tayari kumjengea huo ukuta: mawe bure, waya bure, fundi na vibarua wake kwa siku sita bure. Walichotaka ni kitu kimoja tu, ramani na maelezo ya shamba, kurasa arobaini na mbili, zenye sahihi ya mshauri anayetambuliwa. Na mshauri anayetambuliwa alikuwa mmoja.

“Ada ni ile ile ya kila mtu, mama,” karani alimwambia, akimwandikia tarehe kwenye kipande cha karatasi. “Unachokisema ndani kinabaki ndani.”

“Najua.”

Kila mtu alijua. Mshauri hakuchukua fedha, na alijivunia jambo hilo. Aliuliza habari za shamba, mkulima akajibu, mshauri akaandika, na kile kilichoandikwa kilitoka kichwani mwa aliyekisema kikaingia kwenye jalada. Mfugaji mmoja wa upande wa juu alikuwa amelipa umri wa ng'ombe wake wote, na sasa kila alipotaka kuuza mmoja ilimbidi amfungue mdomo amtazame meno. Mzee wa nyuki alilipa miti ambayo nyuki wake waliipenda. Karani alitoa risiti za nakala tatu: nyeupe ya mkulima, ya pinki ya kitabu, ya manjano ya jalada. Risiti ya mzee wa nyuki ilisomeka, Imepokelewa: miti, kumi na moja.

Aliyetaka kujua tena alichokuwa akikijua alikaribishwa sana. Huo uliitwa ushauri wa ziada, nao ulilipiwa kwa jambo jingine ambalo halijaingia kwenye jalada. Watu waliilalamikia ada hiyo kama wanavyoilalamikia bei ya mbolea. Walisema ni ghali, wakapiga miayo, wakapanda ngazi.

Jirani wa Bi Hatua alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mume wake, na shamba la wifi lilipakana na lake kwa upande wa magharibi. Wifi aliingia kwenye Mpango mwaka mmoja kabla. Tangu siku aliyoshuka zile ngazi, kila msimu alikuja kwenye uzio na kuuliza bila kumtazama mtu usoni.

“Wifi, mimi maharage huwa napanda lini?”

“Wiki ya pili baada ya mvua ya kwanza. Na kule bondeni usipande kabisa, panatuama maji.”

“Nilikuwa nahakikisha tu.”

Hapo ndipo Bi Hatua alipogundua kwamba ada humtoka aliyesema, haimtoki aliyeona. Alikuwa amelitazama shamba la wifi kwa miaka ishirini na sita na hakuna mtu aliyemwandika. Kwa hiyo, siku moja kabla ya tarehe yake, alimwita wifi avuke uzio na akamtembeza shambani kwake kutoka kona hadi kona, akimwambia kila kitu.

Si kwamba walipendana. Walisalimiana kila asubuhi kwa salamu iliyopimwa kama chumvi ya mgonjwa. Sababu ilikuwa hatua saba. Baba mkwe aliwagawia wanawe shamba kwa mstari wa mawe. Mwaka aliofariki, mwanawe wa kiume, yaani mume wa Bi Hatua, aliyasogeza yale mawe alfajiri moja kuingia upande wa dada yake. Bi Hatua, bibi arusi wa miezi minne, alikuwa amelipima shamba siku ya Ijumaa likawa na upana wa hatua mia moja na kumi na mbili. Jumamosi likawa na mia moja na kumi na tisa. Alimuuliza mumewe wakati wa chakula. Mumewe akasema amekosea kuhesabu. Bi Hatua hakuwahi kukosea kuhesabu, lakini alikuwa mgeni katika nyumba ile, akaona funika kombe mwanaharamu apite. Mume alikufa miaka minne iliyopita. Mawe yalikuwa pale pale, na jiko lilikuwa ndani ya zile hatua saba.

Basi walitembea. Wifi alirudia kila alichoambiwa kwa sauti, kama mtoto anayekariri mashairi asiyoyapenda.

“La muhimu kuliko yote ni hili,” Bi Hatua alisema walipofika kwenye kisiki cha mparachichi. “Maji hayapiti juu tu. Yanaingia ardhini hapa. Yanakwenda chini kwa chini hatua thelathini na moja, yanakata kushoto kwenye jalala la majivu, kisha yananyooka mpaka nyuma ya jiko. Mtu akichimba msingi juu ya njia hiyo, jiko halimalizi msimu.”

“Thelathini na moja. Kushoto kwenye majivu. Yananyooka.”

“Sema tena.”

“Wifi, mimi si kasuku.”

Wakasema tena. Walipofika kwenye mawe ya mpaka walisimama. Bi Hatua aliyatazama mawe, wifi naye akayatazama, kisha wakazungumza kuhusu wadudu wa maharage.

Kesho yake mshauri alimpokea kwa upole. Alikuwa mtu mwenye sauti ya kunyamazisha watoto, na viatu vyake vilijaa tope ingawa hakuwa amekanyaga shamba kwa miaka kumi na moja. Tope lilimjia lenyewe, jekundu asubuhi na jeusi mchana, kulingana na faili alilokuwa analisoma, na karani alipiga deki mara mbili kwa siku. Alijua mashamba mia mbili na themanini. Kwake nyumbani hakuwa na hata kopo la kupandia ua, na kila jioni karani alimwandikia kwenye kipande cha karatasi mtaa anaokaa, maana kichwani hapakuwa na nafasi.

“Ukurasa wa saba,” mshauri alisema. “Kuna jambo lolote kuhusu mipaka?”

“Hakuna,” Bi Hatua alijibu.

Mshauri akaandika hakuna. Na kwa kuwa hakuwa amesema kitu, hakikutoka kitu.

Mengine yalitoka. Upana wa shamba ulitoka, na kona inayopenda viazi, na mwezi ambao panya huingia. Hakuumia. Ilikuwa kama kulisahau jina la mtu mliyesoma naye: unaona mahali lilipokuwa. Ukurasa wa thelathini na moja alieleza habari za maji, na alipofika kwenye neno jiko hakukumbuka ameanzia wapi. Alitia sahihi, akapewa risiti ndefu, akashuka. Alihesabu ngazi akishuka, zikawa kumi na nane. Ngazi hazikuwa za shamba, aliachiwa.

Wifi alikuwa akimsubiri kwenye uzio na kigoda. Alimrudishia shamba lake mchana ule wote, kona kwa kona, bila kuruka kitu. Tatizo lilikuwa moja, kwamba alimrudishia pamoja na maoni yake. Kona ya juu haifai hata kwa mbuzi, ila mwenye shamba huipanda kila mwaka kwa ukaidi. Viazi vinakubali pale chini, lakini angevipalilia mapema vingekubali zaidi. Tangu hapo Bi Hatua hakuweza kulikumbuka shamba lake bila kusikia sauti ya wifi inamsema. Alivumilia. Maji alirudishiwa vizuri: kisiki, thelathini na moja, kushoto kwenye majivu, yananyooka.

Watu wana masikio. Kabla ya msimu kwisha, mteremko mzima ulikuwa ukifanya hivyo hivyo. Ukipita njiani ungewakuta majirani wameinamiana juu ya nyua zao wakinong'onezana kina cha visima. Waliokuwa hawaongei kwa sababu ya kuku waliongea. Benchi la ofisini likabaki tupu, na ushauri wa ziada ukakosa wateja.

Mshauri hakukasirika. Aliongeza ukurasa. Ulikuwa wa arobaini na tatu, nao uliitwa Maelezo ya Shamba la Jirani. Majirani walitakiwa kuujaza siku moja na saa ile ile, na kwa ajili hiyo ofisi ilinunua meza ya pili. Mpango uliipokea fomu mpya kwa furaha, kwa sababu ilikuwa nene zaidi. Majalada yote ambayo hayakuwa yamepitishwa yalirudishwa yajazwe upya tangu ukurasa wa kwanza, likiwemo la Bi Hatua.

“Jumanne, saa nne,” karani alisema kwenye simu. “Wewe na wifi yako. Pamoja.”

Walikwenda. Mshauri alikaa na Bi Hatua, karani akakaa na wifi kwenye meza mpya iliyokuwa bado inanuka vanishi. Kalamu ya karani ilifanya kazi sawasawa na ya mshauri. Walimaliza kwa wakati mmoja, wakashuka mmoja nyuma ya mwingine, na walipofika nyumbani kila mmoja alisimama upande wake wa uzio, akamtazama mwenzake kama mtu aliyekwenda dukani akasahau alichotumwa.

“Una chochote?” Bi Hatua aliuliza.

“Najua tu kwamba kona yako ya juu ina kasoro,” wifi alisema. “Kasoro gani, sijui.”

Mawe yalifika baada ya wiki tatu, malori mawili. Fundi alikuja na vibarua wanne na kamba ya kupimia. Alikuwa mtu wa kazi, hana maneno mengi. Ufa ulikuwa hatua kumi na nne kutoka jikoni. Hilo Bi Hatua alilipima upya asubuhi ile kwa miguu yake mwenyewe. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa.

“Tuanzie wapi, mama?”

“Karatasi zako zinasemaje?”

Fundi alimwonyesha. Nakala ya fundi ilikuwa na kurasa tatu: jalada, bajeti na sahihi. Kwenye bajeti iliandikwa kwamba kuhusu mahali pa kujenga, tazama ukurasa wa thelathini na moja.

“Mimi ningepiga mstari ulionyooka kutoka kwenye kile kisiki mpaka nyuma ya jiko,” fundi alisema. “Ardhi pale ni laini, inachimbika. Siku mbili tumemaliza msingi.”

Bi Hatua alikitazama kisiki, akaenda kusimama mbele yake. Hakujua kwa nini. Alijua tu kwamba kulikuwa na kitu alichokuwa akikijua, na kwamba kilihusu nyumba aliyozalia wanawe watatu na kumuuguza mume wake humo. Aliogopa, na hakuona sababu ya kujifanya haogopi.

“Msichimbe,” alisema. “Kunyweni chai. Nakwenda mjini.”

Wifi alimkuta njiani, ana mwavuli mkononi. Hakualikwa na hakueleza. Walipofika kwenye duka la rangi wakapanda.

“Ushauri wa ziada,” karani alisema, akafungua kitabu cha risiti. “Ukurasa upi?”

“Thelathini na moja.”

“Una nini?”

Bi Hatua alifikiri. Alitaja jembe linalofaa udongo wake; karani akapekua jalada, likawemo. Alitaja ndege wanaokula mbegu, walikuwemo. Alitaja upepo, ukawemo, tena na saa zake. Karani alimtazama kwa huruma ya kikazi.

“Mkono mtupu haulambwi, mama.”

Haukuwa mkono mtupu. Alikuwa na jambo moja ambalo halikuwa kwenye jalada lolote, na alilihisi ulimini kama kokwa. Lakini kulisema kulikuwa na maana mbili. Kwanza, ukurasa wa saba ungekuwa wa uongo, na aliyeandikisha uongo huondolewa kwenye Mpango, mawe yakarudishwa. Pili, wifi alikuwa amesimama pale pale, bega kwa bega naye, na mwavuli wake. Bi Hatua aliyatafuta maneno ya kusema hana kitu, akayapata.

“Sina,” alisema.

Feni haikuzunguka. Chini dukani mtu aliuliza bei ya turubai.

“Mimi ninalo,” wifi alisema.

Karani akageuza karatasi. “Ni mgogoro? Maana kwenye ukurasa wa saba na wewe uliandika hakuna.”

“Si mgogoro. Sijagombana na mtu. Ni jambo ninalolijua tu.”

“Wifi,” Bi Hatua alisema.

“Nyumba ya kaka yangu ile,” wifi alijibu, bila kugeuka. “Na jambo lenyewe limenichosha kulibeba.”

Akaingia kwa mshauri, mlango ukafungwa. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba. Bi Hatua alikaa kwenye benchi chini ya ile karatasi ya ukutani, na alisikia kila neno, kwa kuwa hakuziba masikio.

“Kaka yangu aliyasogeza mawe,” sauti ya wifi ilisema. “Ilikuwa alfajiri. Nilikuwa nyuma ya mlango, nakwenda kuchota maji. Aliyabeba moja moja, na alipochoka alikaa juu ya moja akapumzika. Sikumwambia kitu. Ndiye aliyenisomesha.”

“Hatua ngapi?”

“Saba nadhani. Hesabu kamili anayo mkewe. Alipima asubuhi ile ile, nilimwona. Alipima mara mbili, kisha akaniangalia, kisha akaingia ndani.”

“Kwa hiyo na yeye anajua.”

“Anajua. Miaka ishirini na sita nimemngoja aseme. Sikutaka ardhi. Wakati mwingine niliitaka. Nilitaka tu aje pale kwenye uzio aniambie, wifi, ni saba.”

Ulifuata muda wa kalamu. Kisha muhuri.

Wifi alitoka akiwa amejinyoosha, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Alimwona Bi Hatua, uso wote ukamchangamka, akaja moja kwa moja akamshika mkono. Hakuwahi kumshika mkono, hata msibani.

“Mbona umekauka kama mlingoti, wifi? Twende ndani, anatusomea.”

Mshauri alifungua ukurasa wa thelathini na moja na kuwasomea: kisiki, thelathini na moja, kushoto kwenye jalala la majivu, yananyooka. Viatu vyake viliota tope la rangi ya kahawia, lile la shamba la Bi Hatua. Alisoma vizuri, na alipomaliza aliwatakia mvua njema. Karani alimpa wifi nakala nyeupe. Imepokelewa: jambo la mpaka, moja.

Fundi alijenga ukuta hatua tisa upande wa pili wa njia ya maji, akakwepa kisiki na majivu. Mvua zilikuja zikakaa wiki saba. Maji yalipita chini kwa chini yakaenda zake, ufa ukasimama hatua kumi na nne, na jiko halikupasuka hata lipu. Wenye Mpango walikuja wakapiga picha, wakasimika kibao cha chuma ukutani: atakayeugusa ukuta huu au kuusogeza mpaka ulioandikwa kwenye ramani atalipa gharama zote. Kwenye ramani upana wa shamba uliandikwa mia moja na kumi na tisa.

Sasa wifi alisalimia kwa sauti kubwa. Alivuka uzio bila kuitwa, akakaa, akacheka. Alileta maharage mabichi ndani ya kanga, na akaondoka na mboga bila kuomba. Siku moja, wakichambua, alisita.

“Hivi, wifi, sisi kwa nini hatukuwa tunaongea?”

“Kazi zilikuwa nyingi.”

“Kweli. Kazi zitatuua.”

Bi Hatua aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu aoshe sufuria safi. Jambo lililokuwa la watu wawili sasa lilikuwa lake peke yake, na lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Alipanda kwa mshauri akamuuliza kama mpaka unaweza kusahihishwa. Mshauri alikuwa mwaminifu. Alimwonyesha karatasi ya kabati la pili iliyosema hakuna, na karatasi ya kabati la nne iliyosema saba.

“Zote mbili ziko salama,” alisema. “Ila Mpango haulipii mipaka, mama. Kubadilisha ramani ni fomu mpya tangu mwanzo. Na ukuta utavunjwa kwa gharama yako.”

“Lakini wewe unajua.”

“Mimi najua mambo mengi sana,” mshauri alisema kwa uchovu, akakitazama kile kipande cha karatasi chenye mtaa wake.

Alivumilia miezi mitatu. Kisha, Jumapili mchana, alikwenda kwenye uzio akamwambia. Mawe, alfajiri, mlango, Ijumaa na Jumamosi, kimya chake cha ofisini. “Wifi, ni saba,” alisema.

Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Alichukua jembe, akaenda mpaka kwenye ukuta wa mawe, akakisoma kile kibao, akakisoma tena. Akarudi ndani na kufunga mlango. Kesho yake salamu ilikuwa imepimwa kama zamani. Bi Hatua alilala vizuri wiki nzima.

Lakini ukuta wa mawe hutunzwa, na kila mwaka, kabla ya mvua, mwenye shamba hutakiwa kwenda kuulizia mahali pa kuzibua, asije akafukua njia ya maji. Ofisi ilikuwa imeshajua tabia ya majirani. Aliyesomewa ukurasa alitia sahihi, na alichosomewa kikamtoka tena msimu ulipokwisha. Kwa hiyo mwaka uliofuata wote wawili walikuwa hawana kitu tena. Hawana njia ya maji, na hawana cha kulipia.

Wifi ndiye aliyekuja kwenye uzio. Bado alikuwa amenuna.

“Lile jambo uliloniambia,” alisema. “Nimemuuliza karani kwenye simu. Anasema mtu akiambiwa upya, linahesabiwa jipya.”

“Wifi, hapana.”

“Una lingine?”

Hakuwa na lingine. Wifi alikwenda akalipa, wakasomewa, ukuta ukazibuliwa, jiko likabaki. Akarudi na risiti nyeupe na kicheko chake, na maharage ndani ya kanga. Na mwaka uliofuata, siku moja kabla ya tarehe, Bi Hatua alimwita uzioni akamwambia tena.

Imekuwa hivyo kwa miaka minane, ukihesabu na ule wa ukuta. Kila mwaka wifi huwa mtu wa kukasirika kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne asubuhi ya pili yake. Miaka mingine hulia. Mwaka mmoja alivunja sahani, na kesho yake alipotoka ofisini akauliza nani kavunja sahani yake nzuri. Miezi mingine yote ni marafiki, na watu wa mteremko huwatolea mfano. Bi Hatua amejifunza kulieleza jambo lenyewe vizuri, haraka, bila kujitetea. Amefikiri mara nyingi kulilipa yeye mwenyewe, lisahaulike kwa wote wawili. Lakini likiwatoka wote wawili hakutakuwa na wa kumwambia mwenzake, na mwaka unaofuata maji yatapita jikoni. Hiyo ndiyo sababu anayojipa. Ni sababu nzuri, na haimpi usingizi.

Mwaka huu walikwenda pamoja, kama kawaida, hawasemezani. Wifi alisimama kwenye ngazi ya kwanza, mkono ukutani, akageuka.

“Wifi, kwa nini usinirudishie tu? Saba. Jenga jiko jingine juu. Mimi nitakusaidia kubeba matofali.”

Walikuwa wanawake wazima sasa, wote wawili mvi. Duka la rangi lilikuwa linafunguliwa.

“Tutaongea ukitoka,” Bi Hatua alisema.

Wifi aliondoa mkono ukutani. Alijua maana ya jibu hilo, na alijua pia kwamba kujua huko kungefika juu pamoja naye na kubaki huko. Akapanda polepole. Bi Hatua alisubiri chini. Mbao za dari ya duka zililia juu ya kichwa chake, kwenda, halafu kurudi.

Wifi alishuka akitabasamu. Nyumbani ana kopo la majani ya chai analowekea risiti zake; hii ilikuwa ya nane, na zote zimeandikwa maneno yale yale. Aliiinua kwenye mwanga wa mlangoni akaisoma kwa kunyoosha mkono, maana macho yamechoka.

“Hivi, wifi, hili jambo la mpaka wanalolipokea kila mwaka ni jambo gani?”

“Ni mambo ya ofisi,” Bi Hatua alisema.

“Ah,” wifi alisema, akaikunja, na akamshika mkono ili asijikwae kizingitini.